Mizani Nyuma ya Pazia

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa kiwanjani wameniandama niwaandikie kumbukumbu zangu. Nadhani walitegemea habari za vyeo na nyongeza, au za wageni wakubwa waliopita pale wakapigiwa bendi. Hayo yote yamo kwenye mafaili, na mafaili yapo, mchwa bado hawajayamaliza. Mimi nitaandika habari za mizani, maana mizani ndiyo iliyoniingiza kazini na mizani nusura initoe.

Miaka ya hamsini kiwanja chetu cha ndege hakikuwa hivi mnavyokijua. Palikuwa na njia moja ya nyasi iliyokatwa katikati ya shamba la minazi, na banda la mabati lililokuwa ofisi, forodha na chumba cha kungojea kwa pamoja. Pembeni kilikaa kibanda cha redio, na mbele yake mlingoti wenye mfuko wa upepo, ule wa kitambaa ambao watoto wa Kiembesamaki waliuita suruali ya mguu mmoja. Lami ilikuja baadaye, na walioileta walijisifu sana, lakini ng'ombe waliikuta palepale walipokuwa wakilala siku zote na hawakuona sababu ya kuhama.

Ndege iliyokuwa ikija takriban kila siku ilikuwa ndogo, ya mabawa mawili mawili, moja juu na jingine chini, mwili wake mbao na kitambaa. Watu wanane na rubani, imejaa. Mdudu yule ukimgonga ubavuni kwa kidole, alilia kama ngoma. Ndege ya namna hiyo haikuulizi wewe ni nani, inakuuliza una ratili ngapi, ile ratili ya karibu nusu kilo. Kwa hiyo kila abiria alipimwa, yeye na mzigo wake, na rubani akapewa karatasi yenye jumla kabla hajawasha injini. Jumla ikizidi, kitu kinashuka, kifurushi au mfuko wa barua au mtu.

Wanaume walipanda mizani wakicheka. Wanawake hawakupanda. Mpimaji alikuwa mwanamme, mizani ilikuwa katikati ya banda, na uzito ulisomwa kwa sauti ili karani aliyeko upande wa pili ausikie. Sasa nyinyi mnajua kwetu mtu hatajwi unene wake bila ya Mashallah, na hata kwa Mashallah hatajwi na mwanamme asiyemjua mbele ya wachukuzi. Waume wakabuni njia yao. Walikuja na karatasi kutoka nyumbani, wameandika wenyewe uzito wa wake zao. Kwa karatasi zile, wake wote wa Unguja walikuwa na ratili mia moja na ishirini, hakuna aliyepungua wala aliyezidi. Marubani walipolalamika, wakubwa wakasema kwamba kama wanawake hawatapimwa, basi kampuni itaacha kuwachukua.

Karani mkuu wa abiria aliitwa Bwana Feruzi, mtu mwembamba, penseli sikioni, aliyekaa Mwembetanga mlango wa tatu kutoka kwa mama yangu. Yeye ndiye aliyefikiri kuweka pazia na nyuma ya pazia mwanamke. Mimi wakati huo nilikuwa nimeachwa, nina mtoto mmoja, na nikifanya kazi ghalani Malindi, kule bandarini mjini, kuchambua vikonyo kwenye karafuu na kujaza magunia. Kazi ile ilikuwa ya msimu. Karafuu zikisha na wewe umekwisha. Lakini ilinifundisha kitu kimoja: nikishika mzigo, mkono wangu unajua uzito wake.

Bwana Feruzi alinijaribu palepale uani kwa mama. Alinipa mkoba wake, nikaunyanyua, nikamwambia ratili kumi na tisa. Akasema asubuhi ile ameupima mwenyewe, ulikuwa ishirini na moja. Nikamwuliza kama ameshakula chakula chake cha mchana. Akacheka, alikuwa ameshakula.

Alinipa miezi mitatu ya majaribio. Wanawake wakipimwa bila ya kelele, kazi ni yangu mwaka mzima, msimu na usio msimu. Wasipopimwa, mimi nitarudi kwenye vikonyo na wao watarudi kwenye meli. Kaka yangu hakupenda. Alisema mwanamke wa kwetu hafanyi kazi penye Wazungu na injini. Mama akamjibu kwamba kule kwenye karafuu pia kuna injini, na akaniombea dua. Niliitaka kazi ile. Naandika wazi kwa sababu wakati ule nilijifanya siitaki sana, nisije nikachekwa nikiikosa.

Pazia nililishona mwenyewe kwa kitambaa cha amerikani. Mizani ilikuwa ya kusimama, ya chuma, yenye fimbo juu na kidude cha shaba kinachoteleza juu ya fimbo mpaka itulie sawa. Siku ya kwanza niliogopa kuigusa. Abiria wangu wa kwanza alikuwa mwanamke kutoka Makunduchi, mpole sana, aliyepanda, akasoma bismillahi, kisha akashika nguzo ya ukuta kwa mikono miwili. Mizani ikaniambia ratili sitini. Nikaelewa kwamba kazi hii haihusu kuangalia fimbo tu, unaangalia na mikono. Mpaka leo nikiona mtu amepanda mizani, macho yangu yanakwenda kwenye vidole vyake.

Uzito sikuutaja. Nilisema Mashallah, nikaandika kwenye kikaratasi, nikakikunja, na mwenyewe akampelekea Bwana Feruzi mkononi. Sikuwa nimesoma skuli, nilisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, kwa hiyo niliandika tarakimu za Kiarabu. Bwana Feruzi naye alikuwa mtoto wa chuoni, akazisoma bila ya taabu na kuzigeuza kwenye karatasi ya rubani. Wanawake wakaanza kuzoea. Walichukua kile kikaratasi kama wanavyochukua hirizi, wamekibana kiganjani, hakuna aliyekifungua njiani.

Aliyenifunza kazi hasa hakuwa karani, alikuwa Bwana Makame, mtu wa Tumbatu, aliyewahi kutia makaa kwenye meli na sasa alishika mambo yote ya nje: gari la zimamoto, bendera, mfuko wa upepo na ng'ombe. Ng'ombe walikuwa na mlio wao wa filimbi na waliutii kutoka kwake tu. Alipokwenda likizo, ndege ilizunguka juu yetu mara tatu huku sisi sote tukipuliza filimbi kama wendawazimu, na ng'ombe wakitutazama.

Bwana Makame alikuwa na chuma cha ratili hamsini. Kila asubuhi kabla ya abiria alinifanya nikiweke juu ya mizani. Ikisoma hamsini, tunaanza. Ikisoma arobaini na nane, tunaikaza mpaka irudi. Nilimwambia siku moja kwamba jana ilikuwa sawa na juzi ilikuwa sawa. Akaniambia hata yeye jana alikuwa mzima, na leo goti linamuuma. Nanyi mlionirithi nawaomba hilo msiliache, hata kama mizani zenu siku hizi zinawasha taa.

Alinifundisha na upepo pia. Ndege huondoka kwa kuukabili upepo, na upepo ukiwa mzuri unaibebea nusu ya kazi. Mfuko ukijaa na kunyooka kama mkono, rubani anaweza kusamehewa ratili chache. Mfuko ukilala, hasamehewi hata moja. Na kama mvua imenyesha, nyasi zinayashika magurudumu, na minazi ya mwisho wa njia inaonekana kama imesogea karibu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu wa majaribio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi kumetulia, hakuna hata jani linalotikisika. Likaja gari la kukodi kutoka mjini, wakateremka wanawake sita, manukato yao yakaingia bandani kabla yao. Walikuwa wanakwenda Pemba arusini. Aliyekuwa mbele yao alikuwa Bi Raya.

Nyinyi wa leo mnafundwa na redio, kwa hiyo niwaambie somo ni nani. Bi Raya alikuwa somo yangu. Ndiye aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, akanifundisha kila ninachokijua juu ya kuwa mwanamke, na ndiye aliyekaa nami siku ya arusi yangu. Nilipoachwa, ndiye pekee aliyekuja bila ya kuuliza nimefanya nini. Somo humwambii panda, shuka. Humtazami juu mpaka chini. Ukikutana naye unambusu mkono na unangoja aseme yeye kwanza. Na siku ile alikuwa akienda kumfunda mwari mwengine, mjukuu wa dada yake, aliyekuwa akiolewa Chake Chake. Jioni ileile alikuwa amtie hina, na bila yeye mambo hayaanzi.

Aliingia kwenye pazia, nikambusu mkono. Shikamoo, marahaba. Akaitazama mizani kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja bila ya kubisha hodi.

"Hii siyo mnayopimia karafuu?" akaniuliza.

Nikamwambia hii ni ya watu.

"Mimi nshapimwa na Mola wangu, Mize. Andika."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa akitania, na pengine lau ningemwomba mara ya pili angepanda. Sikumwomba. Niliona haya, haya ya mwari kwa somo yake, na nikaandika. Niliandika mia moja na arobaini.

Na nilijua. Mkono wangu ulijua tangu nilipoushika wake kuubusu. Tena alipogeuka, chini ya buibui kitu kigumu kiligonga chuma cha mizani kikalia kama kengele. Kilikuwa kinu cha shaba na mtwangio wake, cha kutwangia viungo vya arusi, alichokivaa kiunoni kwa sababu mizigo yake ilikuwa imeshafika ratili alizoruhusiwa.

Wa pili alipoingia alishaona kwamba mkubwa wao hakupanda. Akaniambia niandike kama ya Somo lakini nipunguze kidogo, yeye mdogo wake. Nikapunguza. Ningempimaje yeye, na Bi Raya sikumpima? Wa tatu naye akawa mdogo wa wa pili. Wote walikuwa wamevaa kanga juu ya kanga, doti tatu tatu za kumtunza bibi arusi, na mmoja alikuwa na bati la halua kila upande. Tulipofika wa sita tulikuwa na ratili mia moja na kumi, kwa mwanamke aliyelazimika kuingia kwenye pazia kwa ubavu.

Bwana Feruzi alipokea vikaratasi sita, akavijumlisha, akaona nafasi imebaki. Kwa kuwa imebaki, akaongeza mifuko miwili ya barua.

Nilitoka nje kuwaaga. Wakapanda, mlango ukafungwa, mapanga yakazunguka, ndege ikaanza kujivuta kuelekea mwisho wa njia. Bwana Makame alikuwa amesimama na bendera yake chini ya mlingoti. Mfuko wa upepo ulikuwa umeshikana na mti wake, umelowa.

"Suruali imelala," akasema, bila ya kunitazama. "Leo rubani hana wa kumsaidia. Anaondoka na alichoandikiwa tu."

Nikatazama chini. Magurudumu yalikuwa yameacha mitaro miwili kwenye nyasi, mirefu, imejaa maji, na sikuwahi kuiona mitaro ile kabla. Nikatazama minazi. Nilifikiri mambo mawili tu. Nikisema, nimemwaibisha Somo mbele ya watu na arusi ya watu imeharibika, na kazi yangu imekwenda siku chache kabla ya kuwa yangu. Nikinyamaza, labda itaruka. Zilishawahi kuruka nyingine kwa karatasi za waume. Nilisimama pale nikijiambia labda, labda. Pengine ulikuwa muda wa kuhesabu kumi, na kumi ile naionea aibu mpaka leo.

"Bwana Makame, isimamishe."

"Kuna nini?"

"Sikuwapima. Nimeandika tu."

Alikwenda na goti lake lile bovu mpaka katikati ya njia, akasimama mbele ya injini mbili zinazonguruma, bendera nyekundu juu ya kichwa. Mngurumo ukapanda, kisha ukashuka, kisha ukazimika. Rubani akateremka akauliza ng'ombe yuko wapi, maana siku zote alisimamishwa kwa sababu ya ng'ombe. Bwana Makame akaninyooshea kidole mimi. Mpaka alipofariki sikujua kama lile jibu alilikusudia.

Nilimweleza Bwana Feruzi hapo hapo, mbele ya rubani na wachukuzi. Wanawake wakateremshwa. Watano waliingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, wakavua kanga na kutoa mabati ya halua, wakapanda mizani. Nikawapima vizuri, nikiwatazama mikono. Tulikuwa tumekosea uzito wa watu wawili wazima, na hapo bado hatujamhesabu Bi Raya.

Bi Raya hakuingia. Alikaa juu ya sanduku lake nje ya banda, na nilipokwenda kupiga magoti mbele yake hakunipa mkono.

"Mbele za watu, Mize?" akasema.

Nikamwambia nimekosa tangu pale kwenye pazia. Aliwaambia wenziwe waende, akaita gari lilelile lililomleta, akarudi mjini na kinu chake. Ndege ikaondoka bila ya yeye na bila ya mifuko ya barua. Ilikimbia njia karibu yote. Nililiona tumbo lake likipita juu ya makuti, na nafasi iliyokuwapo hapo katikati haikuwa kubwa.

"Na hapo mmoja hayumo," akasema Bwana Makame. Akakunja bendera akaenda kutazama ng'ombe wake.

Bi Raya alipata meli siku ya pili yake. Alipofika Chake Chake, mwari alishatiwa hina na mikono mingine. Habari zikafika Ng'ambo, mitaani kwetu, kabla hajarudi, na kwa namna zilivyosimuliwa, Mize amemteremsha somo yake kutoka angani kwa sababu ya unene. Wanawake niliokua nao wakawa wananipita sokoni bila ya salamu. Mama alimpelekea Bi Raya sahani ya halua ya kuombea radhi, sahani ikarudi na kifuniko chake hakijaguswa. Mama aliiweka mezani, tukaila siku mbili, na haikuwa na ladha.

Kazini Bwana Feruzi aliniuliza aandikeje kwenye ripoti. Kulikuwa na namna ya kuandika ambayo isingenitaja. Nikamwomba aandike ilivyokuwa. Nilishaanza kufungasha, nilishauliza ghalani kama nafasi yangu bado ipo. Jibu la wakubwa lilipokuja lilikuwa na mstari mmoja ulioongezwa na rubani, na Bwana Feruzi akanifasiria: aliyenisimamisha ndiye anipimie. Wakanipa mwaka mmoja badala ya kunifukuza. Lakini sharti lilikuwa lilelile. Kama mwaka ukisha na wanawake hawapimwi, pazia linatoka na wanawake hawapandi tena.

Na hawakuja. Ndiyo sehemu ngumu ya kazi yangu yote, ile miezi. Nilikuja asubuhi, nikakipima chuma cha ratili hamsini, nikakaa nyuma ya pazia nikisikiliza wanaume wakipimwa upande wa pili. Siku nyingine alikuja mwanamke mmoja, siku nyingine hakuna. Waliokuja kuwasindikiza waume zao walikaa kwenye benchi wakilitazama pazia kama mlango wa daktari wa meno. Bwana Makame alinishauri nisikae bure, nijifunze tarakimu za Kizungu. Nikajifunza, na Bwana Feruzi akinisahihisha kwa penseli yake. Zikanifaa baadaye maisha yangu yote, lakini wakati ule nilizichukia, kwa sababu zilikuwa tarakimu tupu, hazina mtu juu yake.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha alipokuja Bi Raya.

Alikuja peke yake, asubuhi, kwa miguu kutoka kituo cha gari la shamba. Benchi lilikuwa limejaa wanawake, wengine wasafiri waliokuwa wakimbembeleza Bwana Feruzi awaandikie bila ya kupimwa. Walipomwona wakamwacha Bwana Feruzi. Kilichomleta tulikuja kukijua kutoka kwake mwenyewe: yule bibi arusi wa Chake Chake ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, anamwita, na meli ni mpaka siku tatu.

Nilitoka, nikainama, nikatoa mkono nikitegemea utabaki hewani. Akanipa wake. Nikaubusu.

Akaingia nyuma ya pazia. Akafungua buibui, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka chini upande wa mizigo: kinu cha shaba, mtwangio, chupa ya mafuta ya nazi, kifuko cha pilipili manga, kanga nne za kumpokelea mtoto. Kisha akavua vikuku. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri, akapanda juu ya mizani na mikono yake akaiacha ining'inie.

Nikateleza kile kidude cha shaba mpaka fimbo ikatulia. Nikasema Mashallah, nikachukua penseli.

"Itaje," akasema.

Nikamwambia hatutaji, tunaandika tu.

"Nnajua mnaandika. Mimi nataka uitaje, wasikie."

Nikaitaja. Mia mbili na kumi na sita. Nadhani sijawahi kusema kitu kwa sauti kubwa namna ile kabla wala baada yake. Bi Raya akateremka, akavaa viatu bila ya haraka, akatoa kichwa chake nje ya pazia na kuwatazama walio kwenye benchi.

"Mmesikia. Aliye na haya kunishinda mimi, na angoje meli. Waliobaki waingie."

Mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na asubuhi ile niliwapima wanawake wanne. Watatu walikuwa wasafiri. Wa nne hakuwa na safari yoyote, alitaka kujua tu.

Nilimsindikiza mpaka kwenye kamba, mahali abiria wanapoachana na sisi. Upepo ulikuwa mzuri, mfuko umejaa. Alisimama akautazama.

"Siku ile n'likuwa na ngapi?" akaniuliza.

"Sijui, Somo. Sikukupima."

Akaniweka mkono begani, mkono ule mzito niliokuwa nikiujua.

"Basi usiniache tena," akasema, akaenda zake kwenye ndege.

Ilinyanyuka mapema, nusu ya njia hata haijafika, na Bwana Makame akasema hakuna cha kusema. Mtoto alikuwa wa kike na yeye na mama yake walikuwa salama. Kabla ya mwaka kwisha kazi ilithibitishwa kuwa yangu, na baada yangu wakaajiriwa wanawake wengine, wengi wenu nikawafundisha mimi. Mengine yaliyotokea nchini na kiwanjani mnayajua, na wapo wa kuyaandika.

Wiki iliyopita nilisafiri kwenda Pemba kumwona binti yangu. Ndege ilikuwa ndogo, zile za watu wachache, na mizani ilikuwa palepale karibu na mlango. Msichana aliyeshika nafasi yangu aliponiona alisimama, akanibusu mkono. Nikamwona anaitazama mizani, kisha ananitazama mimi, kisha anachukua kalamu.

"Wewe pita tu, Bi Mize," akaniambia. "Mimi n'taandika."

Nikainama, nikavua viatu.